Maswali kwa Fundi: Corvette ya 1962, "bodi la faiba halishiki kutu"

SWALI: Shikamoo fundi. Mi niko Dayton, Ohio, mwaka wa 6 sasa, kabla ya hapo nilikuwa Dar nafanya kazi ya boti za faiba. Kuna mzee kazini kwetu anauza gari la michezo, Chevrolet Corvette ya 1962, nyekundu, anasema ilishafanyiwa ukarabati wote na kweli rangi inang'aa mpaka unajiona. Bodi lake ni faiba (fiberglass) kwa hiyo kutu hamna, nimepitisha sumaku kutafuta puti, ile ya kuziba mabonde kabla ya rangi, kama tulivyozoea nyumbani, haikunasa popote. Niichukue?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Hela usitoe kwanza. Gari naipenda sana hiyo, ndo maana sitaki uumie nayo.

Sumaku weka mfukoni, haina kazi hapo, yenyewe inanasa chuma, kwenye faiba hainasi iwe kuna puti iwe hamna. Ila wewe una kitu ambacho wanunuzi wengi hawana, sikio la boti. Gonga bodi zima kwa kifundo cha kidole kama ulivyokuwa unagonga boti kutafuta tabaka zilipoachana, halafu lala chini na tochi uangalie upande wa ndani wa vipande. Mwaka 1953 walianza kutandaza faiba kwa mkono, lakini mpaka kufika 1962 vipande vilikuwa vinashindiliwa kwenye mashine, na kiwanda kilichokuwa kinavitengeneza kiko hapohapo Ohio kwenu, mji wa Ashtabula. Kipande cha mashine ni laini pande zote mbili. Ukikuta kwa ndani pana nyuzi zinaonekana, pameparuza kama tumbo la boti kabla hujapiga rangi, basi hapo pameshapasuka na mtu kapaziba kwa mkono. Sio dhambi, gari ya miaka 60 lazima iwe na makovu, ila muuzaji akuambie na bei ishuke.

Sasa kutu. Bodi kweli halioti kutu, lakini limekalia chesisi ya chuma, na Ohio wakati wa baridi barabara zinamwagiwa chumvi. Hapa ndo watu wanapoliwa, maana gari ya bati ikioza inakuonyesha mlangoni na kwenye fenda, hii juu inabaki bibi harusi huku chini inakwisha taratibu na hakuna wa kukustua. Ipandishwe kwenye lifti, piga nyundo ndogo taratibu kwenye chesisi, hasa kule nyuma inapopanda kupita juu ya ekseli, sikiliza mlio. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Na ukikuta chini kote kumepakwa rangi nyeusi nzito mbichimbichi mwulize inaficha nini.

Umeme nao ni tofauti. Gari ya bati bodi lenyewe ndo negative, yaani njia ya umeme kurudi betri, faiba haipitishi umeme kwa hiyo taa zinahitaji waya wake wa kurudi. Taa zikiwaka hafifu au indiketa ikichezacheza usikimbilie kununua spea, anza na hizo waya. Na kama ina redio, angalia vile vifuniko vya chuma vinavyong'aa juu ya distribyuta (inayogawa moto kwa plagi) na waya za plagi, wengi wanadhani ni mapambo wanavitoa. Faiba haizuii kelele za umeme, bila hivyo redio inakoroma mwanzo mwisho.

Injini ni V8 ya inchi za ujazo 327, kama lita 5.4, zilitoka za nguvu farasi 250 hadi 360, ile ya 360 haina kabureta inatumia injekta za mitambo na ndo ghali kuliko zote. Kwa hiyo mtu akikwambia injini ni ile iliyozaliwa na gari usikubali kwa maneno. Fungua boneti, kuna kibati cha namba ya gari kwenye mhimili wa usukani, linganisha tarakimu zake za mwisho na namba iliyopigwa kwenye injini mbele chini ya silinda hedi ya kulia. Zikilingana, na chesisi inalia, hapo zungumza na mzee wako. Zikitofautiana gari bado tamu kuendesha, ila usilipe bei ya injini iliyozaliwa nayo.

Ukishainunua nakuomba kitu kimoja tu, usiipige sandiblasti, ule mchanga wa kupuliza kwa presha, inachimba faiba. Rangi itoe kwa msasa na mkono, pole pole, unajua mwenyewe.

SWALI: Fundi, eti ni kweli ardhi ilimeza Corvette ndani ya makumbusho? Zilipona?

JIBU: Kweli kabisa. Ni kwenye makumbusho ya Corvette, Bowling Green, Kentucky, 12 Februari 2014, alfajiri, sakafu ilifunguka magari 8 yakaingia, na moja lilikuwa hilohilo la 1962, jeusi. Matatu tu ndo yalitengenezwa upya. La 1962 walilikarabati palepale makumbusho wageni wakiangalia, likakamilika 2018. Yale mengine 5 wakaamua kuyaacha yalivyotoka shimoni, yamepondeka na udongo wake, na mimi kwa hilo nawaunga mkono, kwa sababu kuna gari ukishalijenga upya lote linakuwa gari jingine lenye namba ya zamani.