Usipake utendi kwenye kanvasi kabla hujasomewa

Simamisha kazi hiyo leo. Umeandika kwamba umekwisha kupaka rangi ya chini kwenye kanvasi ya mita 2, kwamba juu yake utaweka beti sita za Utendi wa Mwana Kupona kwa hati ya Kiarabu kama zilivyoandikwa zamani, kwamba faili liko kwa fundi wa stika akukatie stensili, na sasa unatuuliza fonti ipi inapendeza, rangi ipi ikae nyuma ya wosia wa mama, kama fremu inahitajika na picha iuzwe kwa bei gani. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili na mara zote mbili moyo umenienda mbio, kwa sababu njia uliyoishika nimeipita mimi, na ninajua inakotokea.

Kazi yangu ilikuwa ya mita 3, na utendi ulikuwa huohuo. Nilitumia wiki kumi na moja kupaka bahari, mangrovu na kuta za mawe, nikiamini kwamba nimemwelewa Mwana Kupona, mwanamke yule wa kisiwa cha Pate ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake maneno ya kumwachia. Herufi niliziacha mwisho. Niliziacha mwisho kwa sababu mwalimu mmoja wa warsha, ambaye sitamtaja ingawa ulimi unaniwasha, alitufundisha siku mbili nzima kwamba hati ya Kiarabu ndani ya picha ni pambo tu, kwamba rangi ndiyo inayosema, na kwamba mtazamaji hataisoma. Huyo bwana alikuwa akizungumza Mombasa! Nani alimwambia kwamba watu wa pwani hutazama maandishi kama watu wanaotazama mawingu? Ada yake nililipa taslimu, na hadi leo ninatamani anirudishie hata nauli ya matatu.

Basi nikachukua beti zangu, nikazibandika katika programu ya michoro ambayo haikuwashwa mpangilio wa Kiarabu, nikachagua fonti iliyonipendeza, nikampelekea fundi. Kilichotokea ni hiki. Katika hati ile kila herufi hubadilika umbo kulingana na mahali ilipo, iwe mwanzoni mwa neno, katikati, mwishoni au peke yake, na ni sita tu, yaani alifu, dali, dhali, ree, zee na wau, zisizoishika ile inayozifuata. Programu isiyojua kanuni hiyo huziweka zote katika umbo la upweke, tena huzipanga kutoka kushoto kwenda kulia. Mimi sikushtuka hata kidogo, kwa sababu katika chuo cha Kurani nilifika kwenye alifu kwa ujiti, kisha nikawa mtoro, na umbo la upweke ndilo pekee nililolikumbuka. Nilipoziona zimesimama mojamoja nilifurahi kama mtu aliyekutana na wanafunzi wenzake wa zamani.

Onyo lilikuwapo, na hili ndilo linaloniuma kuliko fedha. Herufi zilizotengana huchukua nafasi kubwa zaidi kuliko zilizoungana, kwa hiyo ubeti niliokuwa nimeupimia nafasi kwa kutazama picha ya mswada wa kale ulikataa kuenea. Badala ya kujiuliza kwa nini mstari uliomtosha mwandishi wa zamani haunitoshi mimi, nilipunguza ukubwa wa herufi, kisha nikaukata popote nafasi ilipokwisha. Wewe unajua kwamba kila kipande cha utendi kina mizani minane, yaani silabi nane, kwamba katika kila ubeti vipande vitatu vya kwanza hushirikiana kina na cha nne hurudi kwenye kina kinachopita katika utendi mzima. Katika kazi yangu kile kina cha nne kiliangukia mara katikati ya mstari, mara nyuma ya mkoko. Nilisema ni usanifu wa kisasa.

Siku ya maonyesho bibi mmoja kutoka Lamu alisimama mbele ya kanvasi kwa muda mrefu, nami nikadhani amevutwa na bluu yangu.

“Mwanangu, haya umeyaandika wewe?”

“Ndiyo, bibi.”

“Basi nisomee.”

Nilijaribu kucheka, yeye hakucheka. Akanyoosha kidole kwenye neno la kwanza la wosia, “negema”, akaniambia kwa upole kwamba anaona herufi lakini haoni neno. Negema maana yake ni sogea karibu. Mama anamwita mwanawe asogee, nami nilikuwa nimeziweka nuni na mimu mbalimbali kama majirani waliogombana, tena zikitazama upande usio wao. Hakuna rangi duniani ambayo ingeitafsiri vibaya kazi ile kuliko nilivyofanya mimi kwa herufi.

Niliishusha jioni ileile. Vifaa, stika na usafiri vilinigharimu zaidi ya shilingi 46,000, na mke wangu husema ndiyo picha pekee nyumbani inayopendeza ikigeuzwa, kwa kuwa upande wa nyuma hauna makosa.

Umemtaja mchoraji Sonia Delaunay na karatasi ndefu aliyoifanya Paris mwaka 1913 pamoja na mshairi Blaise Cendrars, rangi zikishuka sambamba na shairi lililopigwa chapa kwa herufi za namna nyingi. Ni kazi ya kuheshimiwa, lakini haitakuokoa hapa, kwa sababu herufi za Kilatini za chapa hazishikani mikono, na ukizitenganisha neno bado linasomeka. Hati yetu haina huruma hiyo.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, nami nitairudia hata ukinichoka: mtafute mtu aliyezoea kusoma hati ya Kiarabu ya Kiswahili, umpe karatasi ileile itakayokatwa, si nakala yako ya awali, akusomee kwa sauti tangu neno la kwanza hadi la mwisho, huku wewe ukihesabu mizani kwa vidole. Akikwama mahali, rudi kwenye kompyuta. Akimaliza bila kukwama, yageuze maandishi yawe michoro ndani ya programu kabla ya kumtumia fundi, ili kompyuta yake isiyavunje upya, kisha mwombe msomaji wako aitazame stensili yenyewe. Ukubwa wa beti ndio utakaokuambia rangi ikae wapi. Kuhusu fonti, chagua ile ambayo msomaji hakukunja uso. Kuhusu bei, unamuuliza mtu asiyewahi kuuza.

Nimeukuza mchoro uliouambatisha. Katika ubeti wa tatu, mstari wa juu, herufi zako zimesimama mojamoja, na mstari umeanzia kushoto. Mpigie fundi simu kabla hajawasha mashine.