Kula baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: majibu ya maswali yenu

Mafungu ya maswali niliyopokea safari hii yametoka kwa watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, na mengine kwa ndugu wanaowapikia. Mtaani wote wanaitwa "waliokatwa utumbo", lakini upasuaji unaofanyika zaidi ni wa aina mbili na haufanani. Katika slivu, daktari anaondoa robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, unabaki mrija mwembamba wenye umbo la ndizi, utumbo haukuguswa. Katika baipasi, anatengeneza kifuko kidogo cha kama mililita 30 sehemu ya juu, kisha anakiunganisha na utumbo mwembamba mbele zaidi, ili chakula kiruke sehemu ya njia yake. Mkiniandikia, nitajieni ni upi, maana baadhi ya majibu yanategemea hilo. Waliowekewa puto ndani ya mfuko wa chakula hawakupasuliwa, kwa hiyo wao wafuate maelekezo ya daktari aliyewawekea.

Shikamoo dada. Nina siku sita tangu nifanyiwe slivu. Mama amekuja kutoka Moshi kuniuguza, na kila asubuhi ananipikia mtori mzito. Anasema mgonjwa asiyekula haponi. Hospitali waliniambia vimiminika tu. Nimwambieje? (Mbezi, Dar es Salaam)

Marahaba, mdogo wangu. Mwambie mama kwamba vidonda vidogo anavyoviona tumboni si vyote. Ndani kuna mshono mrefu unaoshuka mfuko mzima wa chakula kutoka juu hadi chini, na bado ni mbichi. Chakula kizito kinausukuma. Akishaelewa kuna mshono asiouona, naamini atakuwa mlinzi wako kuliko mtu mwingine yeyote.

Kwa kawaida siku moja au mbili za mwanzo ni maji, supu iliyochujwa na chai nyepesi isiyo na sukari. Kisha, hadi wiki mbili zitimie, unaongeza maziwa, mtindi mwepesi na uji mwembamba wa maziwa usio na chembe. Wiki ya 3 na ya 4 ni za chakula kilichosagwa, na hapo ndipo mtori wa mama unapopata nafasi: ausage kwenye blenda pamoja na nyama yake mpaka uwe laini kabisa. Wiki ya 5 na ya 6 unakula vitu laini kama yai, samaki aliyetolewa miiba na maharage yaliyoiva sana. Baada ya hapo unarudi kwenye chakula cha kawaida, taratibu. Kama karatasi uliyopewa hospitali inataja siku tofauti na hizi, fuata karatasi. Aliyekushona ndiye anayeujua mshono wake.

Kazi yako kubwa sasa ni kunywa. Funda dogo, unapumzika, funda jingine, kutwa nzima, mpaka ufike lita moja na nusu. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, bado hujanywa vya kutosha.

Hili mlisome wote wawili: homa, moyo kwenda mbio hata ukiwa umelala, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, maumivu ya bega yasiyoisha, pumzi kubana, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Ukiona mojawapo, nendeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Huenda mshono unavuja au damu imeganda kwenye mshipa.

Nilifanyiwa baipasi India, nikarudi Arusha na makopo mawili ya unga wa protini. Yameisha, na bei ya hapa siiwezi. Sasa ni mwezi wa tatu. Nitaharibikiwa? (Arusha)

Hutaharibikiwa. Unga ule ni msaada wa wiki za mwanzo tu, wakati mtu hawezi kutafuna. Unachohitaji ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na jiko lako linaweza kuzitoa. Usipozipata, mwili unayeyusha misuli pamoja na mafuta. Mizani itakupa sifa huku miguu inakosa nguvu ya kupanda ngazi.

Tufanye hesabu. Yai moja lina kama gramu 6. Robo lita ya maziwa au mtindi ina kama gramu 8. Ukikoroga gramu 30 za maziwa ya unga ndani ya robo lita hiyo ya maziwa, unaongeza 8 nyingine bila kuongeza ujazo, na kwa mtu mwenye kifuko kidogo hilo ni jambo kubwa. Kipande cha samaki cha gramu 60 kina kama 13. Vijiko vinne vikubwa vya maharage vina kama 5.

Halafu kuna dagaa, ambao nasikitika watu wakishapata hela huwaacha kana kwamba ni chakula cha shida. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa mkavu ni protini. Chukua dagaa, toa vichwa, osha mchanga mara tatu nne, anika, kaanga bila mafuta mpaka wakauke kabisa, saga, chekecha. Gramu 20 za unga huo zinakupa kama gramu 11, tena na kalisi ya mifupa yake juu yake. Tia kwenye mchuzi wa maharage au supu ya maboga, hata harufu haitakusumbua.

Sasa panga siku: asubuhi yai na maziwa yaliyoongezewa unga wa maziwa, saa nne mtindi, mchana samaki, jioni maharage yenye unga wa dagaa, kabla ya kulala maziwa ya kawaida. Jumla inakaribia gramu 67. Maziwa yakikuletea gesi au kuharisha, ambalo hutokea sana baada ya baipasi, jaribu mtindi peke yake. Wengi wanauvumilia zaidi.

Kitu kimoja zaidi: ile ripoti ya kuruhusiwa uliyopewa India itoe nakala, umpelekee daktari wa hapa kabla hujaumwa. Daktari anayekupokea usiku ukiwa unatapika hawezi kukisia ulivyounganishwa ndani.

Mimi ni mwanaume, miezi miwili tangu slivu. Juzi nilikula matonge matatu ya ugali, kifua kikabana, nikatapika. Imetokea tena mara nyingi. Ndiyo basi ugali? (Musoma)

Si basi, kaka yangu, ila utajifunza upya kuula. Sisi ugali hatuutafuni. Tunafinyanga tonge, tunachovya, tunameza. Koo lilizoea hivyo tangu utotoni, na mfuko wa zamani ulipokea. Huu mpya ni mrija. Tonge zima linakaa mlangoni kama kizibo. Tonge lako sasa liwe ukubwa wa punje ya harage, litafunwe mara 20 hadi 30, liende na mlenda au mchuzi. Na lije mwisho. Kwanza samaki, kisha mboga, nafasi ikibaki ndipo ugali. Usinywe maji pamoja na chakula. Subiri nusu saa baada ya kula. Ukihisi kifua kinaanza kujaa, weka kijiko chini, hata kama limebaki tonge moja tu. Chapati na mkate laini nazo hunasa hivyo hivyo.

Lakini umeandika "mara nyingi", na hapo nasimama. Anayetapika karibu kila siku anaweza kuishiwa vitamini B1 ndani ya wiki chache, kwa sababu mwili hauiwekei akiba kubwa. Dalili zake ni kuyumba unapotembea, kuona vitu viwili viwili, miguu kufa ganzi, kuchanganyikiwa. Ikichelewa, ubongo unaweza kudhurika kwa namna isiyorudi. Rudi kwa daktari wiki hii akuangalie kama mrija umebana. Na kama utatundikiwa dripu, mwambie anayekuhudumia kwamba ulifanyiwa upasuaji huu na unatapika, ili upewe sindano ya B1 kabla ya dripu ya glukosi. Glukosi ikitangulia inaweza kuzidisha madhara.

Nina baipasi, mwezi wa tano. Nikinywa chai tamu na mahamri mawili, robo saa haijapita moyo unapiga mbio, jasho, tumbo linakata, naharisha, kisha nataka kulala. Ni sukari imepanda? (Mombasa)

Dadangu, kinachotokea ni sukari kumwagika kwenye utumbo kwa mkupuo. Zamani mfuko uliishikilia na kuiachia kidogo kidogo. Sasa haina kizuizi. Utumbo unavuta maji kutoka kwenye damu kuizimua, ndiyo maana ya jasho, mbio za moyo na kuharisha. Ipo sura ya pili inayokuja saa moja hadi tatu baadaye: kutetemeka, njaa kali, kizunguzungu. Hapo sukari imeshuka, maana mwili ulitoa insulini nyingi kupita kiasi.

Chai bila sukari, mahamri waachie wageni kwa sasa, juisi ya miwa usiiguse. Kula kitu chenye protini kwanza, kidogo, polepole, na ukijisikia vibaya jilaze mpaka ipite. Kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi, usikae na dozi ya zamani bila kumwona daktari. Mahitaji hupungua haraka baada ya upasuaji, na dozi ile ile inaweza kukuangusha.

Nywele zinatoka mashada mashada, mwezi wa nne. Je, zitarudi? Na hivi vidonge vya vitamini nitavimeza mpaka lini? (Dodoma)

Nywele zitarudi. Mwili ulioshtushwa na upasuaji na kupungua kwa kasi husimamisha kazi ya nywele kwa muda. Huanza kutoka kati ya mwezi wa 3 na wa 6, kisha huota tena. Zikiendelea kutoka baada ya mwaka, pima chuma na protini. Usisukie rasta nzito sasa hivi.

Vidonge ni vya maisha. Najua neno hilo linachosha, na ndiyo sababu wengi huacha mwaka wa pili, wakijiona wazima. Upungufu wa B12 huja kimya, unaweza kuchukua miaka kabla vidole havijaanza kufa ganzi. Kwa kawaida utahitaji vitamini mchanganyiko, chuma, kalisi, vitamini D na B12, ambayo unaweza kuipata kwa sindano ya kila mwezi. Chuma na kalisi usivimeze pamoja, acha angalau saa mbili katikati, na chuma usikisindikize kwa chai. Damu ipimwe mwezi wa 3, wa 6, wa 12, kisha kila mwaka.

Mgongo unaniuma. Duka la dawa wamenipa diklofenaki. Sawa? (Kahama)

Hapana. Kama una baipasi, diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao zinaweza kuleta kidonda pale mfuko ulipounganishwa na utumbo, na kidonda hicho huvuja damu. Kwa slivu pia madaktari wengi wanazikataza. Tumia parasetamoli, na mgongo ukiendelea muone daktari.

Nina miezi saba tangu upasuaji. Ramadhani inakaribia, nami sijawahi kuacha kufunga tangu nibaleghe. (Unguja)

Bi, nayaheshimu mapenzi yako ya ibada. Wataalamu wengi wa upasuaji huu wanashauri mtu asifunge mwaka wa kwanza, na wengine husema hadi miezi 18. Fikiria: lita moja na nusu ya maji kwa mafunda madogo, gramu 60 za protini na vidonge vinavyotakiwa kupishana, vyote viingie kati ya magharibi na alfajiri, na katikati hapo ulale. Kwa joto letu, mwili utakauka. Zungumza na daktari wako na shekhe unayemwamini. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini. Siku utakapofunga, usifturu kwa tende tatu na sharubati. Anza na maji na supu, tende moja au nusu yake, na urojo uuache kwanza.

Anayejua nimepasuliwa ni mume wangu peke yake. Ukweni nikila vijiko vinne wanasema nadharau mikono yao. Nimeanza kukwepa misiba na harusi. (Tanga)

Barua yako imenikaa moyoni kuliko zote. Kwetu chakula ndiyo salamu, na anayekataa sahani huonekana amemkataa mwenye sahani. Huwajibiki kumweleza kila mtu ulichofanya, hasa huko ambako watu wanasema mtu kama wewe alipaswa "kuacha tu kula". Unene wa kiwango kile ni maradhi, nawe umetibiwa. Ila usijitoe kwenye watu. Sema: "Nilifanyiwa upasuaji wa tumbo, daktari amenipimia chakula." Ni kweli tupu, na ukweni watakuhurumia badala ya kukununia. Jipakulie mwenyewe, sahani ndogo, kipande cha samaki au kuku, kisha msifu mpishi kwa sauti na uombe kufungiwa. Mpishi anayeona chakula chake kinabebwa hana kinyongo.

Siri yako iwe na mipaka, lakini. Niliwahi kukaa na familia iliyomleta binti yao akiwa ametapika wiki nzima, wakisema ana malaria, kwa kuwa hakuna aliyeambiwa. Saa nyingi zilipotea. Andika kikaratasi, "baipasi" au "slivu", tarehe, hospitali na dawa zako, ukiweke nyuma ya kitambulisho. Na mbali na mumeo, mwambie mwanamke mmoja wa upande wenu, dada au shangazi, anayeweza kukusindikiza hospitali siku mume amesafiri.

Je, naweza kubeba mimba? Ni mwezi wa sita. (Kigoma)

Subiri mpaka miezi 12 hadi 18 ipite, uzito utulie. Jihadhari, kwa sababu kupungua kunarudisha rutuba hata kwa waliokaa miaka bila kushika mimba, na vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki sana baada ya baipasi. Kipandikizi au kitanzi ni salama zaidi. Kama tayari umepitiliza siku zako, pima kesho, na majibu yakiwa ndiyo, nenda kliniki mapema ukiwa na ile karatasi ya upasuaji mkononi.