Jaribu Kipande Kabla ya Kuchapa Picha Kubwa

SWALI: Mimi ni mpiga picha hapa Kisumu. Mteja mmoja ameniagiza picha tatu za wavuvi wa Dunga wakivuta mashua ufukweni alfajiri, kila moja iwe ya inchi 20 kwa 30, ili azitundike ukumbini mwa ofisi yake. Mwaka jana nilichapisha picha za ukubwa huo, na ingawa kwenye kompyuta zilionekana vizuri, nyuso za watu zilitoka nyeusi tititi. Nililazimika kurudia kazi yote kwa fedha zangu. Safari hii nimetangulia kuchapisha picha ndogo za inchi 4 kwa 6, nazo zimetoka safi. Je, naweza kuzitegemea na kuagiza zile kubwa?

JIBU: Usiagize bado. Picha ndogo uliyochapisha ni jaribio la picha ndogo, wala haikuonyeshi jinsi ile kubwa itakavyokuwa. Katika studio nyingi, picha za inchi 4 kwa 6 hutoka kwenye mashine yake, yenye karatasi yake, na mara nyingi mashine hiyo hurekebisha mwanga na rangi yenyewe bila kuulizwa, ilhali picha kubwa huchapwa na plota ya wino, yaani printa ya karatasi pana, kwenye karatasi ya roli. Inawezekana kabisa kwamba nyuso zile ziling'arishwa na mashine, na kwamba faili lako lingali na giza lile lile la mwaka jana. Tena, picha ikipunguzwa huficha kasoro zake: ukungu mdogo machoni na chembechembe za kivulini havionekani kwa ukubwa wa kadi, lakini vitajitokeza ukutani.

Jaribio la kweli na la bei nafuu ni kukata kipande cha picha yenyewe kikiwa katika ukubwa wake wa mwisho, kisha kukichapa kwenye mashine ile ile, kwa wino ule ule, juu ya karatasi ile ile itakayotumika. Picha ya inchi 20 kwa 30 ina eneo la inchi za mraba 600, na kipande cha inchi 4 kwa 6 kina inchi 24 tu, yaani sehemu moja ya 25. Ikiwa kamera yako ni ya megapikseli 24, faili lina pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 6000 kwa 4000, kwa hiyo kwenye ukubwa huo kila inchi itapata pikseli 200, na kipande chako kitakuwa na pikseli 1200 kwa 800. Kata pikseli hizo kama zilivyo, bila kuzikuza wala kuzipunguza, na umsihi mhudumu wa studio asiruhusu programu yake itanue kipande kijaze karatasi, wala mashine isijirekebishe rangi. Likisahauliwa hilo, jaribio zima limeharibika.

Sasa, ukate wapi? Watu wengi hukata katikati ya picha kwa mazoea, lakini katikati huenda pasiwe na lolote la kukufundisha. Katika picha zako mahali pa kwanza ni uso wa mvuvi aliyeligeuzia jua mgongo, kwa sababu ngozi nyeusi iliyo kivulini ndiyo hupoteza umbo mapema zaidi wino unapolowa kwenye karatasi: shavu, paji la uso na ukope huungana vikawa doa moja. Chapa uso huo mara tatu, mara ya kwanza kama ulivyo, mara ya pili ukiwa umeongezewa mwanga kwa theluthi moja ya stopu (kipimo cha mwanga ambacho kikiongezwa kimoja, mwanga huwa mara mbili), na mara ya tatu kwa theluthi mbili. Kipande cha nne kitoke kwenye maji yanayometameta, ili ujue kama nyongeza ile ya theluthi mbili imeyafanya yawe meupe matupu kama karatasi isiyochapwa. Cha tano kiwe picha nzima iliyopunguzwa, ya kukuonyesha mizani ya rangi kwa jumla.

Vipande hivyo vitano vinakaa kwa nafasi kwenye roli ya upana wa inchi 24, kwa urefu wa inchi 6 hivi, ambayo ni moja ya tano ya karatasi inayoliwa na picha yako moja. Andika alama ndani ya faili lenyewe, kwenye ukingo wa kila kipande, kiasi cha mwanga ulichoongeza. Mimi niliwahi kupuuza jambo hili dogo, nikarudi nyumbani na nyuso tatu zinazofanana nisijue ipi ni ipi, na nikalipia jaribio lile lile mara mbili.

Usihukumu vipande vikiwa bado vibichi. Rangi za wino hubadilika kidogo zinapokauka, kwa hiyo viache hadi kesho yake ikiwezekana. Kisha nenda navyo mpaka kwenye ukumbi wa mteja, uvibandike kwenye ukuta ule ule, chini ya taa zile zile, na usimame mita moja na nusu hivi kutoka ukutani. Rangi iliyopendeza karibu na dirisha la studio inaweza kuonekana ya kijani chini ya taa ya ofisi. Kama mteja anataka kanvasi, basi jaribu kwa kanvasi. Jaribio la karatasi inayong'aa halikuambii lolote kuhusu kitambaa.

Chanzo cha giza lako la mwaka jana, nadhani, ni skrini inayowaka kupita kiasi. Weka karatasi nyeupe kando yake, fungua ukurasa mweupe, na upunguze mwanga wa skrini mpaka weupe wa pande zote mbili ukaribiane. Hilo halina gharama, na litakupunguzia idadi ya majaribio.

SWALI: Ninasimamia chama cha picha cha wanafunzi mjini Nakuru. Tuna chumba cha giza, mashine ya kukuzia picha, na karatasi chache za inchi 16 kwa 20. Tufanyeje tusiziharibu?

JIBU: Kateni karatasi moja iwe vipande vyembamba vya inchi 2. Lazeni kimoja mahali penye weupe muhimu, kwa mfano manyoya ya heroe kama mmepiga picha ziwani, na mkimulike chote kwa sekunde 8. Funikeni moja ya tano yake kwa kadibodi, mwongeze sekunde 3. Sogezeni kadibodi ifunike moja ya tano nyingine, mwongeze 5, na muendelee hivyo kwa 6, kisha 10. Mtapata hatua za sekunde 8, 11, 16, 22 na 32, kila moja ikizidi iliyotangulia kwa takriban nusu stopu. Kiacheni kwenye dawa ya kutokezesha picha kwa muda wake kamili, hata kikionekana kinageuka cheusi upesi, na mkiangalie kikiwa kikavu kwa sababu karatasi hukolea inapokauka. Muda uchagueni kwa kuangalia weupe. Weusi mtaurekebisha kwa daraja la karatasi au kichujio cha mashine, vitu vinavyoamua ukali wa tofauti kati ya weusi na weupe.

Mnaweza kufanya haya yote kwanza kwenye picha ya inchi 8 kwa 10. Mkipandisha kichwa cha mashine hadi 16 kwa 20, mwanga huo huo hutawanyika juu ya eneo mara nne, kwa hiyo anzeni na muda wa karibu mara nne, kisha mkate kipande kingine mkijaribu kwenye kimo hicho kipya kabla ya kuweka karatasi nzima.