Maswali ya Wasomaji: Kupeleka bidhaa za maabara kwenye maonyesho ya MEDICA, Ujerumani

Barua kadhaa tulizopokea zinauliza kuhusu MEDICA, maonyesho ya vifaa vya tiba na maabara yanayofanyika Düsseldorf kila Novemba, kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi. Mwaka 2024 yalikuwa na waonyeshaji 5,800 na wageni wapatao 80,000. Tumechagua barua tano.

Kiwanda chetu kidogo kinatengeneza vikopo vya kuchukulia mkojo na choo, pamoja na rangi ya Giemsa, inayotumika kuonyesha vimelea vya malaria kwenye hadubini. Hatuna alama ya CE, ile inayoonyesha kuwa bidhaa imetimiza masharti ya Ulaya. Tukifika huko si tutafukuzwa? – Msomaji, Kibaha

Hamtafukuzwa. Kanuni ya Ulaya kuhusu vipimo vya maabara, namba 2017/746, ambayo watu wa fani huiita IVDR na iliyoanza kutumika tarehe 26 Mei 2022, inaruhusu bidhaa ambayo haijatimiza masharti ionyeshwe kwenye maonyesho. Sharti ni kuwe na kibao kinachoonekana wazi, kinachosema kuwa bidhaa hiyo ni ya kuonyeshwa tu na haiwezi kuingia sokoni Ulaya mpaka itimize kanuni. Kiandikeni kwa Kiingereza na Kijerumani, kwa herufi ambazo anayepita njiani atazisoma bila kuinama, na kiwe kando ya bidhaa yenyewe. Alama ya CE msiiweke kwenye lebo wala kwenye kipeperushi kabla ya wakati. Washindani hupita kwenye mabanda wakitazama lebo, na wanajua mahali pa kushtaki.

Jambo ambalo viwanda vyetu vingi havilijui ni kwamba kwa bidhaa kama zenu, Ulaya haiko mbali. IVDR inapanga bidhaa katika madaraja manne, A hadi D. Kipimo cha VVU kiko D, na njia yake ni ndefu na ya gharama kubwa. Vikopo vya sampuli na rangi za hadubini viko A. Bidhaa ya daraja A isiyouzwa kama iliyotakaswa vijidudu haihitaji kupitia taasisi ya ukaguzi ya nje: mtengenezaji mwenyewe anatangaza kwamba ametimiza masharti. Mkianza kuuza vikopo vilivyotakaswa, taasisi hiyo itaingia, ingawa ni kwa upande wa utakasaji tu.

Kutangaza wenyewe hakumaanishi kukosa karatasi. Lazima pawe na jalada la kiufundi, ushahidi kwamba bidhaa inafanya kazi yake, mfumo wa ubora, na mwakilishi aliyeidhinishwa mwenye ofisi ndani ya Umoja wa Ulaya, ambaye jina na anwani yake vitakuwa kwenye lebo. Mwakilishi huyu anabeba dhima ya kisheria kwa bidhaa yenye kasoro, kwa hiyo atadai kusoma jalada zima. Kwenye maonyesho mtawakuta wengi wanaotoa huduma hiyo. Zungumzeni na watatu au wanne kabla ya kuamua, na ulizeni mapema gharama ya kumbadilisha, kwa sababu akibadilika lebo zote zinachapishwa upya.

Kumbukeni pia kwamba wengi wa wageni si Wajerumani. Wanunuzi kutoka Mashariki ya Kati, Asia, Amerika Kusini na Afrika yenyewe huja Düsseldorf kutafuta bidhaa. Swali lao la kwanza huwa cheti cha ISO 13485, kiwango cha kimataifa cha mfumo wa ubora wa vifaa tiba, la pili usajili wa nyumbani, kwenu ni wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, na la tatu cheti cha mauzo huru, kinachothibitisha kuwa bidhaa inauzwa kihalali nchini inakotoka. Wekeni nakala za hati hizo bandani.

Neno moja kuhusu bei. Kikopo kitupu ni hewa iliyofungwa kwenye plastiki. Mzigo wa ndege hutozwa kwa uzito au kwa ukubwa, kile kinachozidi, na meta moja ya ujazo kwa kawaida huhesabiwa kuwa kilo 167 hata ikiwa na uzito wa kilo 40. Njooni na bei ya kontena la futi 20 na la futi 40, pamoja na idadi kamili ya vikopo vinavyoingia katika kila moja. Mnunuzi akiuliza hilo, jibu la "tutakutumia" humpeleka banda la jirani.

Tunatengeneza kisomaji cha vipimo vya haraka chenye betri. Tuandae vipi mzigo wa kisomaji, kaseti (vibao vya plastiki vyenye utepe wa kipimo) na vitendanishi (kemikali za kupimia)? – Msomaji, Nairobi

Gaweni mzigo mara mbili tangu kwenye karatasi. Ankara ya kwanza iorodheshe vitu vitakavyorudi: visomaji, skrini, stendi, kila kimoja na namba yake ya mfululizo. Ankara ya pili iwe ya vitu vitakavyogawiwa au kutumika: vipeperushi, sampuli, kaseti. Vya kwanza vinaingia Ujerumani kwa utaratibu wa kuingiza kwa muda. Njia ya kawaida ni hati ya ATA Carnet inayotolewa na chemba ya biashara, kama nchi yenu imo kwenye mfumo huo. Kama haimo, wakala wa mizigo wa uwanja wa maonyesho huweka dhamana forodhani kwa niaba yenu, na hutoza ada. Msiandike thamani sifuri. Mzigo usio na thamani ndio unaofunguliwa kwanza. Andikeni thamani halisi na mueleze kuwa si bidhaa za kuuzwa.

Upande wa nyumbani ndio unaosahaulika. Mashine isipotangazwa forodhani kabla ya kuondoka kuwa inatoka kwa muda, siku ya kurudi itaonekana ni bidhaa inayoingizwa kutoka nje, na mtadaiwa ushuru wa mashine mliyoitengeneza wenyewe. Namba za mfululizo zilizo kwenye tangazo la kutoka na zilizo kwenye kibati cha mashine lazima zilingane herufi kwa herufi.

Betri za lithiamu zina kanuni zake. Zikiwa ndani ya mashine au zimefungwa pamoja nayo, mzigo unapewa namba ya mzigo hatari UN3481. Zikisafiri peke yake ni UN3480, na hapo haziruhusiwi kwenye ndege ya abiria kama mzigo. Tangu tarehe 1 Januari 2026, betri zilizofungwa pamoja na mashine lakini nje yake kwa kawaida hazitakiwi kuzidi chaji ya asilimia 30. Mhandisi anayechaji kila kitu usiku wa kuamkia safari "ili tuwe tayari" ndiye anayesababisha mzigo kukataliwa. Betri ya akiba ya hadi saa-wati 100 inaweza kwenda na abiria, ila kwenye mkoba wa mkononi tu.

Vitendanishi viacheni nyumbani kadiri inavyowezekana. Rangi zenye methanoli (jambo hili linamhusu pia ndugu yetu wa Kibaha) ni kimiminika kinachowaka, na zinahitaji karatasi ya usalama, ufungaji maalumu na tamko la mzigo hatari. Seramu za udhibiti, zile za kukagulia kama kipimo kinatoa majibu sahihi, huleta maswali ya asili ya binadamu au mnyama. Pelekeni maboksi halisi yenye lebo kamili lakini chupa tupu, kaseti moja iliyofunguliwa ili utepe wa ndani uonekane, na kaseti ya kukagulia kisomaji isiyohitaji damu. Kwa Giemsa, vioo vilivyokwisha kutiwa rangi na kufunikwa, chini ya hadubini, vinauza kuliko chupa: mtaalamu atatazama vimelea vya malaria, ataona kama kiini ni chekundu na saitoplazimu ni ya buluu, na ataijua rangi yenu papo hapo.

Mgeni akiomba achomwe kidole ili aone kipimo kikifanya kazi, jibu ni hapana. Kifaa bado hakijaidhinishwa, mtabaki na sindano yenye damu katikati ya ukumbi, na majibu ya afya ya mtu yatasomwa mbele ya wapita njia.

Banda linakuja na nini, na nini tuagize wenyewe? – Msomaji, Kampala

Mkikodi nafasi tupu mnapata sakafu tu. Kuta, umeme, zulia na taa vyote huagizwa na kulipiwa kando. Kwa mara ya kwanza chukueni banda lililojengwa tayari, au nafasi ndani ya banda la pamoja la nchi, lakini ulizeni kwanza liko ukumbi gani. Mnunuzi wa maabara huzunguka kumbi za maabara, na mkiwekwa kati ya vitanda vya hospitali hatawaona.

Umeme wa Ujerumani ni volti 230 na hezi 50, kwa hiyo mashine zetu hazina shida. Plagi zetu za miguu mitatu bapa ndizo haziingii. Bebeni adapta imara zenye waya wa ardhi, kwa kuwa zile za bei rahisi za wasafiri nyingi hazina. Kama mna friji, ulizeni umeme wa saa 24 na muuagize mapema: bandani umeme wa kawaida huzimwa usiku, na asubuhi mtakuta nyuzi 20 mahali palipotakiwa nyuzi 2 hadi 8.

Mapambo ya kitenge, ukili au makuti yanapendeza, lakini wakaguzi wa moto Ujerumani hudai vifaa vya banda viwe vya kiwango cha B1, yaani visivyoshika moto kwa urahisi, na vyenye cheti. Kitambaa kisicho na cheti hushushwa kabla milango haijafunguliwa.

Viza ya Schengen huombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Bima ya afya lazima ifikie angalau euro 30,000. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini unaweza kufika siku 45, kwa hiyo ombeni Agosti.

Msambazaji tuliyekutana naye bandani anataka haki ya pekee kwa nchi nzima, na usajili wa bidhaa kwenye mamlaka ya nchi hiyo uwe kwa jina lake. Tukubali? – Msomaji, Mombasa

Haki ya pekee si vibaya, ilimradi ifungwe na kiasi. Mpeni miezi 12, na muandike idadi ya maboksi kwa kila robo mwaka. Akishindwa robo mbili mfululizo, haki hiyo inakwisha yenyewe bila barua wala kesi.

Usajili ndio wenye hatari. Nchi nyingi hutaka mwakilishi wa ndani aushike, na hapo hamna la kufanya. Lakini kabla hamjampa jalada, asaini barua ya kuachia usajili ambayo mtaitumia mkiachana. Bila barua hiyo anaweza kukaa na usajili wenu kabatini huku akiuza kipimo cha mshindani, na hakuna mwingine atakayeweza kuingiza bidhaa yenu.

Semeni pia bidhaa ikifika itakuwa imebakiza miezi mingapi. Kipimo chenye muda wa matumizi wa miezi 24 kilichokaa ghalani minne na baharini miwili kimebaki na 18, na zabuni za serikali nyingi huweka kima cha chini. Oda ya kwanza ilipwe yote kabla ya mzigo kutoka.

Tumeletewa fomu ya "kuhakiki taarifa za mwonyeshaji". Inaonekana rasmi. Tujaze? – Msomaji, Arusha

Isomeni mpaka maandishi madogo ya chini. Fomu za namna hii hutumwa kwa waonyeshaji wa maonyesho mengi duniani na watu wasiohusiana na waandaaji. Sahihi yenu huwa ni mkataba wa tangazo la kulipia, mara nyingi kwa miaka 3, na madai ya euro zaidi ya elfu moja kwa mwaka hufuata. Vivyo hivyo kwa wanaojiita mawakala wa hoteli wa maonyesho, na wanaouza orodha za wageni. Taarifa zenu zihakikini kwa kuingia wenyewe kwenye akaunti ya mwonyeshaji mliyopewa wakati wa kusajili banda. Kama mlikwisha kusaini, msilipe. Pelekeni barua ya kupinga mkataba mara moja, na muwaarifu waandaaji.