"Ni kwa faida yako": ubaguzi kazini unavyokuja na namna ya kuukabili

Mimba yangu ya kwanza ilikuwa na miezi mitano meneja aliponiita ofisini, akaniagizia juisi ya embe, kisha akaniambia kwamba kuanzia Jumatatu ninahamia stoo ya mashuka. Nilikuwa na miaka mitatu mapokezi, katika hoteli moja ya kawaida hapa Mwanza. Alisema kwa upole: "Dada, ni kwa faida yako. Kule hakuna usumbufu wa wageni." Nikamshukuru, nikatoka nikijiona mtu ninayejaliwa.

Wiki mbili zilipita kabla sijaelewa kilichotokea. Stoo ya mashuka iko nyuma, imepakana na dobi, na joto lake linakufuata hadi nyumbani. Kule hakuna mgeni, kwa hiyo hakuna bakshishi. Mwisho wa mwezi nikakuta posho ya mapokezi imeondolewa kwenye mshahara wangu. Na kazi yenyewe ilikuwa nzito kuliko niliyotolewa: kuinama, kuhesabu, kubeba marobota ya mashuka yaliyolowa. Mwezi huohuo mwenzangu wa kiume aliteguka kifundo cha mguu kwenye mpira. Yeye aliulizwa: "Tukusaidieje?" Akaletewa stuli ndefu, akaendelea kukaa kaunta, posho yake ikabaki palepale. Siku nilipopita na kapu la mataulo nikamwona amekaa kwenye ile stuli, nilisimama. Kumbe kulikuwa na stuli.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu wengi wetu tunangoja ubaguzi uje na tusi. Tunangoja mtu atamke kwamba hatutakiwi kwa kuwa ni wanawake, au kwa kabila letu, au kwa ulemavu wetu. Wapo wanaotamka, ni kweli. Lakini ule niliokutana nao mara nyingi zaidi, kwangu na kwa wenzangu, huja na sauti ya huruma. Mwenye ulemavu anaachwa nje ya mafunzo "asichoke na safari". Mama mwenye mtoto mchanga haombwi kugombea cheo "kwa sababu ana majukumu". Anayeishi na virusi vya UKIMWI anaondolewa jikoni "ili apumzike". Hakuna aliyekasirika, na wote hao wamepungukiwa.

Njia niliyoizoea ya kuutambua ni kulinganisha. Najiuliza nani mwingine yupo katika hali inayofanana na yangu, na yeye ametendewaje. Kisha najiuliza kama niliulizwa au niliamuliwa. Mwisho naangalia mfukoni na kwenye ngazi ya cheo: nimepoteza nini? Meneja wangu angeniuliza, ningemwambia naomba kiti. Sheria yenyewe inaliona jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kwamba kama kazi ina hatari kwa afya ya mama au mtoto, mwajiri ampe kazi nyingine inayofaa pale inapowezekana, kwa masharti yasiyopungua yale aliyokuwa nayo. Kaunta haikuwa hatari. Na hata ingekuwa hatari, posho yangu isingepaswa kuguswa.

Kulinganisha kunasaidia pia kutopiga kelele pasipo sababu. Nimewahi kufanya kazi chini ya msimamizi aliyemfokea kila mtu, mzee na kijana, Mkristo na Mwislamu, bila kuchagua. Yule alikuwa mkali na dhalimu, nasi tulimlalamikia kwa hilo. Hakuwa anabagua. Vilevile sheria hiyohiyo inaruhusu sifa ambazo kazi yenyewe inazidai: dereva lazima awe na leseni. Ukiliita kila jambo baya ubaguzi, siku ubaguzi wenyewe ukikufika hutasikilizwa.

Kuna aina nyingine iliyonisumbua zaidi kuieleza, nayo ni ile inayojificha ndani ya kanuni inayowahusu wote. Niliporudi kutoka likizo ya uzazi (siku 84 kwa mtoto mmoja, 100 ukijifungua zaidi ya mmoja), ubaoni palikuwa na tangazo la nafasi ya msimamizi wa mapokezi. Sharti mojawapo: mwombaji awe amefanya shifti za usiku miezi sita mfululizo kabla ya kuomba. Halikutaja mwanamke wala mwanamume. Lakini nani kati yetu angeweza kulitimiza? Mimi nilikuwa nanyonyesha. Wenzangu wawili walikuwa na watoto wadogo na hawana dada wa kazi. Na msimamizi mwenyewe anafanya kazi mchana! Usiku haukuwa sehemu ya kazi ile hata kidogo. Hapo ndipo penye kipimo: kanuni inayowaangusha watu wa aina moja, halafu ukiuliza kazi inaihitaji kwa nini, hupati jibu. "Mwonekano wa kuvutia" kwenye matangazo ya ajira ni ndugu yake. "Umri usiozidi miaka 28" kwa kazi ya karani naye yumo.

Sheria, katika kifungu cha 7, inataja misingi ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagua mtu kwayo: rangi, utaifa, kabila au mahali mtu atokako, dini, maoni ya kisiasa, jinsi, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, VVU na UKIMWI, umri, na mengineyo. Watu wengi hawajui kwamba kifungu hicho kinamlinda hata anayeomba kazi, hajaipata bado. Wengi pia hawajui kwamba unyanyasaji kazini unahesabiwa humo kuwa ubaguzi.

Na hapa niseme juu ya utani, maana ndiko tunakojificha sana sisi Watanzania. Nimekulia katika utani na ninaupenda. Mchaga na Mpare wakikutana msibani, utacheka huku machozi yanakutoka. Lakini utani una kanuni zake: unakwenda na kurudi. Ukinitania leo, kesho nakulipa, na hakuna anayeogopa. Sasa chukua msimamizi anayemwita kijana wa usafi kwa jina la kabila lake badala ya jina lake, kila siku, mbele ya wageni, na kijana hawezi kumjibu kwa sababu ratiba ya shifti iko mikononi mwa huyohuyo msimamizi. Utani gani huo wa upande mmoja? Nilimsikia kijana yule siku moja akiwa chumba cha kubadilishia nguo, akirudia jina lake mwenyewe taratibu mbele ya kioo. Sijawahi kuusahau wakati ule. Katiba yetu, ibara ya 13, inapoeleza maana ya kubagua inatumia maneno "dhaifu au duni": watu wa aina fulani kufanywa au kuhesabiwa kuwa hivyo. Sijui namna nyingine ya kulisema nililoliona pale.

Lipo na langu la kukiri. Miaka michache baadaye nilikuwa msimamizi, tena katika hoteli nyingine, nikakaa kwenye usaili wa kuajiri. Binti mmoja alijibu vizuri kuliko wote. Mimi ndiye niliyemuuliza: "Umeolewa? Unatarajia kuzaa lini?" Mimi, niliyebebeshwa mashuka. Nilijiambia nataka tu kupanga ratiba. Wanaume waliokaa kiti kilekile sikuwauliza. Mwenzangu wa jopo, mzee wa hausikipingi, aliandika kitu kwenye karatasi akaisogeza kwangu: "Hilo swali lifute." Nililifuta na nikamwomba binti radhi palepale. Tulimwajiri. Nasimulia hili kwa ajili ya wewe uliye upande wa kuajiri: kabla ya kuuliza swali, jiulize kama ungemuuliza kila mtu aliyekaa pale.

Sasa, ufanye nini likikufika?

Nunua daftari dogo, likae nyumbani. Andika tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, na maneno yenyewe yalivyotamkwa, bila kuyapamba. Usiandike "alinidharau". Andika alichosema. Ujumbe wa simu uhifadhi, na picha ya tangazo la ubaoni uipige kabla halijabanduliwa. Slipu za mshahara zitunze zote. Mimi iliyonisaidia ni slipu mbili, ya mwezi wenye posho na ya mwezi usio na posho. Sheria inasema mfanyakazi akionyesha kwamba kuna dalili za ubaguzi, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba haukutokea. Lakini hizo dalili lazima uzilete wewe, na daftari la tarehe huzileta vizuri kuliko machozi.

Kisha zungumza, ukiweza, na aliyekutendea. Si kila mtu anabagua kwa kujua. Meneja wangu, ninaamini hadi leo, alidhani ananisaidia. Mazungumzo yasipozaa kitu, andika barua. Iwe fupi: kilichotokea, tarehe, mwenzako katika hali kama yako alitendewaje, unaomba nini. Peleka nakala mbili kwa afisa utumishi, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Mimi niliomba mambo mawili, kurudi kaunta nikiwa na kiti, na kurudishiwa posho. Bakshishi sikuzidai, kwa sababu nisingeweza kuzithibitisha.

Usiende peke yako kama kuna chama cha wafanyakazi. Sisi wa mahotelini tuna CHODAWU, na mwakilishi wa tawi ndiye aliyenisaidia kuikata barua yangu kutoka kurasa nne hadi moja. Kama hakuna chama, kuna afisa kazi wa mkoa, na kuna vituo vya msaada wa kisheria kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu au TAWLA, chama cha wanasheria wanawake.

Ikishindikana ndani, mlango unaofuata ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Unajaza fomu namba 1 na kumpa mwajiri nakala, kisha msuluhishi anawakutanisha. Usipopatikana muafaka, shauri linakwenda kwenye uamuzi. Hapa shika tarehe kama unavyoshika tarehe ya kliniki. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30. Migogoro mingine, ndani ya siku 60. Rafiki yangu mmoja alinyimwa mkataba mpya baada ya mwajiri kujua ana mimba. Alilia, akaombewa na wachungaji, akashauriwa na ndugu asubiri hasira za bosi zipoe. Alipokwenda CMA miezi minne ilikuwa imepita. Unaweza kuomba kuongezewa muda ukiwa na sababu nzito, naye aliomba, akakataliwa. Shauri lake halikusikilizwa hata neno moja. Kumbuka pia kwamba aliyefanya kazi chini ya miezi sita halindwi na kanuni za kuachishwa isivyo halali, ingawa katazo la ubaguzi linamhusu. Kama uko kwenye majaribio, tafuta ushauri wa kisheria mapema.

Watu huniuliza sana kama barua haileti kisasi. Huleta. Wiki moja baada ya barua yangu nilirudishwa kaunta na kiti nikapewa, lakini ratiba mpya ilinipa shifti za Jumapili nne mfululizo, na kikao cha asubuhi kikawa kinaanza kabla sijafika. Nilipata hofu kuliko wakati wa stoo, maana sasa nilikuwa nimejitokeza. Nikayaandika hayo nayo kwenye daftari, Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kabla ya ile ya nne mwakilishi wa chama alikwenda kwa afisa utumishi na ratiba tatu za miezi iliyopita mkononi, akaziweka mezani kando ya mpya, akauliza nani mwingine hapa amewahi kupangiwa hivi. Ratiba ilibadilishwa mchana uleule. Posho ilirudi mwisho wa mwezi, pamoja na malimbikizo ya miezi miwili. Nilijifungua wiki sita baadaye.