Lini Uwape Watu wa Kwanza Programu Yako

Ukisubiri programu ikamilike ndipo uwape watu, utasubiri sana. Kila wiki litazuka jambo la kuongeza: rangi, ripoti, lugha ya pili. Na ukiitoa kwa pupa ikapoteza hesabu ya mtu, huyo harudi, na majirani zake watasikia. Kwa hiyo zigawe kasoro zilizobaki mafungu mawili: zile ambazo mtumiaji akikutana nazo utaweza kuzirekebisha, na zile ambazo zikimfika basi tena. Kitufe kilichokaa mahali pabaya ni cha fungu la kwanza. Deni lililofutika ni la fungu la pili. Fungu la pili likiisha, itoe, hata kama la kwanza bado limejaa.

Chukua mfano wa programu ya daftari la madeni kwa maduka ya mtaani. Kazi yake ya lazima ni tatu tu: kuandika deni, kupunguza deni mtu anapolipa, na kuonyesha nani anadaiwa kiasi gani. Picha za bidhaa, hesabu ya faida na malipo ya simu ndani ya programu vyote vingoje. Malipo hasa, kwa kuwa jibu la muamala huweza kuchelewa au kupotea njiani, na kulishughulikia vizuri ni kazi ya miezi.

Kabla ya duka la kwanza, ipitishe kwenye mateso haya kwa mkono wako, ukitumia simu ya bei ya chini inayofanana na walizonazo wenye maduka. Zima data. Andika madeni matatu. La tatu likiwa ndilo kwanza umebonyeza kulihifadhi, izime simu kabisa. Iwashe, rudisha data, halafu tazama kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayotunza data za programu: yanatakiwa kuwa matatu, si mawili wala manne. Manne hutokea mara nyingi kuliko unavyodhani. Simu ilituma, seva ikapokea, lakini jibu likakatikia njiani. Mtandao uliporudi simu ikatuma tena. Dawa yake ni kila deni kupewa namba yake ya pekee palepale kwenye simu linapoandikwa, na seva ikipokea namba inayoijua isiandike mara ya pili. Jambo hili lifanye mapema, maana kulipachika baada ya watu kuanza kutumia ni kuchokonoa hesabu zao.

Fedha zihifadhiwe kama namba kamili za shilingi, si desimali za kukadiria. Deni lisifutwe: likikosewa, liandikwe ingizo la kulirekebisha, ili mwenye duka na mdaiwa wakibishana kuwe na ushahidi. Usiamini saa ya simu peke yake. Hifadhi pia saa ambayo seva ilipokea. Nakala rudufu ya hifadhidata iwepo kila siku, na uijaribu kwa kuirudisha kwenye seva nyingine. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa usiihesabu.

Jambo jingine linalosahaulika ni toleo la zamani. Mwenye duka hasasishi programu kwa sababu bando ni ghali na simu imejaa. Google Play nayo haina njia ya kumrudisha mtu kwenye toleo lililotangulia: ukiharibu, unasimamisha usambazaji na kutoa toleo jipya lenye namba kubwa zaidi. Basi seva yako iendelee kuelewana na matoleo ya nyuma, na iwe na uwezo wa kuzima kipengele chenye matatizo bila kugusa simu ya mtu.

Kalenda ipange mapema. Akaunti mpya za binafsi za Google Play hutakiwa kufanya majaribio yaliyofungwa (closed testing, ya watu walioalikwa tu) na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuomba ruhusa ya kutoa kwa umma. Lakini siku 14 hazitoshi kwa daftari la madeni. Watu hukopa mwezi mzima na kulipa mshahara ukitoka, kwa hiyo sehemu ngumu, ya kupunguza madeni na kusumbuana juu ya salio, haijaonekana hadi mwisho wa mwezi. Anza kati ya tarehe 5 na 10, Jumanne au Jumatano asubuhi, duka likiwa halina foleni na wewe ukiwa na siku kadhaa za kazi mbele yako. Usianze Ijumaa wala karibu na sikukuu.

Maduka matano yanatosha, yaliyo karibu kiasi cha kuyafikia kwa miguu. Waambie wazi kuwa ni majaribio na waendelee na daftari la karatasi. Kila Jumamosi linganisha jumla ya karatasi na ya programu. Tofauti yoyote ni hitilafu mpaka ijulikane imetoka wapi. Usimuulize mtu kama ameipenda, atakujibu nzuri kwa heshima tu. Simama pembeni kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku, wateja wamejaa, utazame kama anashika simu au anashika kalamu. Akishika kalamu, hesabu hatua alizotakiwa kubonyeza.

Sikiliza pia wanavyoitumia kinyume na ulivyokusudia. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya kuanzia Oktoba 2005, ilikusudiwa kurejesha mikopo midogo. Waliopewa wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao, na ilipozinduliwa Machi 2007, kutumiana huko ndiko kulikowekwa mbele.

Likipotea deni hata moja, sitisha kualika maduka mapya, wapigie simu wote siku hiyohiyo, na uwaambie wafuate karatasi. Kundi la pili, maduka 15 au 20, liingie mwisho wa mwezi ukishapita, hesabu zikalingana, na walau watatu kati ya watano wakawa bado wanaandika bila kukumbushwa. Kama wameacha, rudi dukani utazame walipokwama kabla hujaongeza mtu.