Kiinitete cha nzi hujikunja chenyewe, usikisaidie kwa kioo

Nzi tunayemzungumzia si yule anayetoboa maembe shambani. Ni kidudu cha milimita 2 au 3 kinachozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi, Drosophila melanogaster. Yai lake lina urefu wa nusu milimita, na ndani yake hukua kiinitete, yaani nzi mchanga ambaye bado hajaanguliwa. Likikaa kwenye nyuzijoto 25, kama saa 3 baada ya kutagwa tabaka la seli 6,000 hivi huanza kujivuta na kujikunja, na hadubini ya shule inatosha kuyaona hayo. Kinachowaharibia kazi watu wa Lamu ni joto, maji na kioo cha kufunikia.

Joto kwanza. Kaskazi si msimu wa kazi hii: ikizidi nyuzi 30 madume hupoteza uzazi, na ratiba yote huenda mbio. Ngoja kusi, na utumie chumba cha chini cha nyumba ya mawe, si ghorofa iliyo chini ya mabati. Kwenye nyuzi 18 muda huwa karibu maradufu, kwa hiyo kipimajoto kikae pale pale penye sahani.

Ukitega kwa ndizi utapata mchanganyiko. Wenye mistari myeupe mgongoni waachie. Mayai yao yana nyuzi nne nyembamba zilizochomoza, ya unaowataka yana mbili. Sahani ya kutagia: maji mililita 75, juisi ya matunda 25, agari (unga wa mwani unaogandisha) gramu 3, chemsha mpaka agari iyeyuke kabisa. Ikipoa, weka tone la hamira iliyokorogwa nzito. Sahani ya saa ya kwanza itupe, maana majike hushikilia mayai ya zamani. Ya pili iache nusu saa, uiondoe, kisha usubiri saa 2 na nusu.

Ganda la nje huondolewa kwa jiki. Soma nguvu yake kwenye chupa, uizimue ibaki asilimia 2 hadi 3 ya hipokloriti (ile dawa yenyewe iliyomo ndani ya jiki), dakika 2 zatosha. Jiki iliyokaa dukani kwenye joto hudhoofika, basi tazama zile nyuzi mbili: zikitoweka, ganda limetoka. Suuza dakika nzima kwa maji ya mvua au ya chupa, usitumie ya kisima chenye chumvi. Kisha funika kwa mafuta ya halokaboni, yanayopitisha hewa.

Makosa mengi hutokea hapa. Kiinitete kina unene wa milimita 0.18, na kioo kikikilalia hukibana. Pandanisha vipande viwili vya kioo chembamba kila upande, ndipo ufunike. Upande uliobinuka ni tumbo, ulionyooka ni mgongo.

Tumboni, seli hukaza ncha zao za nje. Miosini, protini inayovuta, huvuta nyuzi za protini nyingine iitwayo aktini kwa mapigo, na baina ya pigo na pigo ncha hairudi ilikokuwa, kama mabaharia wanavyopandisha foromali: vuta, shika, vuta. Ncha zikisinyaa, tabaka huingia ndani, na mfereji hufunga kwa robo saa hivi. Halafu mwili hurefuka, na hapa wengi hudhani seli zinagawanyika. Sivyo. Zinaingiliana, kama zefe ya Maulidi inapoingia kichochoroni: waliokuwa wanne kwa safu wanabaki wawili, msafara unarefuka bila kuongezeka mtu. Alama rahisi ya kufuata ni kile kishada cha seli za mviringo nyuma kabisa. Kitaonekana kikipanda mgongoni kuelekea kichwani.

Mkunjo wa kichwa hutokea theluthi moja kutoka mbele, pale pale kwa kila kiinitete. Ukiona mikunjo inayobadilisha mahali, mmoja huku, mwingine kule, umekibana au kimekauka. Anza upya.

Tahadhari moja kwa wanaoandika ripoti: mlichokiona ni mwendo, si nguvu. Maabara zenye leza hukata mpaka wa seli na kupima kasi ya kingo kuachana. Palipokazwa zaidi huruka haraka zaidi. Nyinyi mna simu juu ya lenzi. Pigeni picha kila sekunde 30, mpime kishada kimesogea kiasi gani, na daftarini muandike mikrometa (sehemu ya elfu ya milimita) kwa dakika pamoja na nyuzijoto za chumba.